Nilivyodai deni langu mahakamani bila wakili

Waliowahi kushinda kesi ni wepisi wa kushauri. Jamaa yangu mmoja, aliyeshinda shauri kama langu katika mahakama nyingine, alinihakikishia kwamba mkataba uliotiwa saini unatosha, maana sheria ni ileile kila mahali. Sheria ni ileile kweli, ila kila mahakama ina utaratibu wake na kila hakimu ana desturi zake, na hayo hakuyataja. Karani wa masjala alinirudishia hati bila kufika ukurasa wa pili: hazikuwa na orodha ya vielelezo, kurasa hazikuwa na namba, na nakala ya mdaiwa haikuwapo. Nilipomtaja jamaa yangu, karani alijibu, "Huko ni huko."

Hati zilipopokelewa nilifanya jambo ninalojivunia hadi leo. Mashauri mengi husikilizwa hadharani, basi nikawa nakwenda kukaa benchi la nyuma na daftari langu, nikimtazama hakimu aliyepangiwa jalada langu. (Kumfuata hakimu pembeni ni marufuku, na ni njia ya haraka ya kujiharibia.) Niliona kwamba kabla ya kumsikiliza yeyote hupekua jalada akitafuta uthibitisho kwamba mdaiwa amefikishiwa wito, asipouona, huahirisha shauri hata kama mdai amekuja na mashahidi wake wote. Mawakili wenye maneno mengi aliwakatisha, lakini mama mmoja aliyesema, "Mheshimiwa, ni kielelezo cha tatu, ukurasa wa saba," alisikilizwa hadi mwisho.

Siku yangu ilipofika, kiapo cha mpeleka wito, yaani maandishi yake ya kuapa kwamba mdaiwa amefikishiwa wito, kilikuwa juu kabisa ya jalada. Wakili wa mdaiwa alisimama akaomba kwa mdomo aongezewe muda wa kuwasilisha utetezi, ilhali muda ulikwisha kupita. Hakimu alikisoma kiapo kile, akauliza ombi la maandishi liko wapi, kisha akakataa. Chumba cha pili, mwenzangu wa benchi alishuhudia mdaiwa wake akiongezewa muda kwa ombi la mdomo vilevile, kwa kuwa kuongeza muda ni hiari ya hakimu.

Nilipata hukumu, na ada pamoja na nakala hazikufika nusu ya alichotaka wakili wa kwanza niliyemwendea. Fedha zenyewe sikuzipata siku hiyo, kwani kukazia hukumu, yaani kuiomba mahakama itekeleze hukumu ili mdaiwa alipe, ni maombi mengine yanayojitegemea, na safari hii nilianza kwa kumuuliza karani anayatakaje.