Canter ya mjomba: tairi la mbele kushoto linachemka

Jumamosi. Breki shuu mpya zimeingia pande zote nne za Canter ya mjomba, ile iliyokaa juani miaka 4. Nimetoa upepo kwenye mafuta ya breki, pedeli imekaa juu vizuri. Nikatoka Msamvu, hapa Morogoro, kuelekea Mikese kuijaribu. Kabla sijafika, gari likaanza kuvuta kushoto na harufu ya laini (ile ngozi ya breki shuu) inayoungua ikajaa ndani. Nikapaki, nikadondosha maji kwa ncha ya kidole kwenye dramu za mbele. Kulia yalichuruzika, kushoto yalichacharika yakatoweka. Matone tu, jamani. Kumwagia ndoo ya maji dramu yenye moto kunaweza kuipasua.

Jumapili. Kila aliyepita gereji alisema nimekaza ajasta, ile inayosogeza shuu karibu na dramu, kupita kiasi. Nikapiga jeki, tairi likazunguka kwa mkono bila shida. Nikalegeza ajasta hata hivyo. Beringi nilikuwa na wasiwasi nazo kidogo, ila joto la beringi huanzia katikati ya habu, na hapa moto ulikuwa kwenye dramu yenyewe. Nilizifungua, nikaweka grisi mpya, nikarudisha. Springi za kurudisha shuu zimekaa mahali pake. Nikatoka tena: moto uleule.

Jumatano. Nilimpigia mjomba. "Shikamoo mjomba." "Marahaba, mjomba. Hilo tairi unalipima likiwa limepoa?" Swali hilo ndilo lililonifungua macho, maana siku zote nilikuwa nalisubiri lipoe ndipo nipige jeki.

Basi nikaliendesha mpaka likachemka, nikapiga jeki papo hapo. Halizunguki. Nikalegeza kwanza nati ya paipu ya chuma kabla ya hosipaipu, ule mpira unaopeleka mafuta ya breki kwenye tairi: bado limeganda. Nikaikaza, nikafungua nipo ya kutolea upepo kule kwenye tairi. Mafuta yakaruka kwa nguvu na tairi likaachia mara moja. Presha ilikuwa imenaswa kati ya sehemu hizo mbili, na hapo katikati kuna hosipaipu peke yake.

Nimeipasua kwa kisu kwa urefu. Nje haina hata ufa. Ndani mpira umevimba na kipande kimebanduka, kimelala kama kifuniko. Mguu wa dereva una nguvu ya kuyasukuma mafuta yapite. Springi za shuu hazina nguvu ya kuyarudisha. Naamini shuu za zamani zilikuwa zimelika sana kiasi kwamba pengo kati yake na dramu liliuficha ugonjwa huu.

Ijumaa. Hosipaipu mbili mpya za mbele, kwa sababu ya kulia ina umri uleule. Mafuta ya breki nimemwaga yote. DOT 3 mpya haichemki chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini ikishanyonya unyevu inaweza kuchemkia 140 hivi, na mafuta yakichemka pedeli inazama mpaka chini. Mjomba alikuwa akishusha mboga kutoka Mgeta, kule milimani, kwa gari hili. Kwenye mteremko ule sitaki hata kufikiria.

Mikese kwenda na kurudi: dramu zote mbili za mbele zina joto sawa, mkono unavumilia.

Imebaki hosipaipu ya nyuma, inayoshuka kwenye difu ya ekseli ya nyuma. Mpaka nayo ibadilishwe, gari halipandi Mgeta.