Bamvua la Agosti, Malindi na Watamu

Tangu miaka ya 1960, Waitaliano walipoanza kurusha roketi kutoka jukwaa la San Marco lililosimikwa baharini huko Ngomeni, lugha yao imeota mizizi Malindi, kiasi kwamba mwanafunzi wa Kiitaliano anayetoka Mwanza, kama mimi, anaweza kuvuka mpaka mmoja tu na kupata watu wa kuzungumza nao kutwa. Masomo yangu yalikuwa ya Jumatatu hadi Ijumaa. Jumamosi na Jumapili niliiachia bahari, na mwisho wa juma huo ulikutana na bamvua, siku ambazo maji hupwa mnamo saa nne asubuhi na kujaa tena mnamo saa kumi alasiri, tofauti ikizidi mita 3. Ziwa letu halina safari hizo. Ndiyo maana nahodha alinisisitizia nifike ufukweni saa mbili na nusu bila kuchelewa.

Alikuwa mtu wa makamo, mvuvi wa zamani aliyegeukia kazi ya kupeleka wageni hifadhini.

“Shikamoo, nahodha.”

“Marahaba, mwanangu. Wajua kuogelea?”

“Najua, lakini ni kuogelea kwa ziwani.”

“Basi bahari itakubeba yenyewe. Wewe usishindane nayo tu.”

Hifadhi ya Bahari ya Malindi na ile ya Watamu zilitangazwa mwaka 1968, zikiwa za kwanza za aina hiyo nchini Kenya, na ndani yake hairuhusiwi kuvua wala kuokota hata kombe. Boti nyingi zina kioo sakafuni, na wapo wageni wanaotosheka kukiinamia; mimi naona ni sawa na kulipia karamu kisha ukaitazama dirishani. Nilivaa miwani, mrija na mapezi ya miguuni, nikashuka. Mwamba wa nje ulikuwa ukiyavunja mawimbi ya kusi, kwa hiyo upande wa ndani maji yalitulia ingawa upepo ulikuwa mkali. Kabla sijaona kitu nilisikia mlio mkavu wa kusagwa. Alikuwa pono, wa kijani na waridi, akikwangua mwani juu ya tumbawe kwa meno yake yaliyoungana. Kisha akasogea na kuacha nyuma yake wingu jeupe, maana vipande vya tumbawe anavyovimeza huvisaga na kuvitoa vikiwa mchanga. Sehemu ya ufukwe mweupe tunaousifu imepita tumboni mwa samaki huyu tunayemsingizia usingizi.

Mbele kidogo, penye nyasi za bahari, kasa wa kijani alikuwa akila bila haraka. Alipopanda kuvuta pumzi alipita karibu nami hata nikaiona mikwaruzo ya gamba lake moja moja. Nahodha alikuwa ameshatuonya tusimguse wala tusimfuate, kwa sababu kasa anayefukuzwa huzama kabla hajapata pumzi ya kutosha. Wenzangu wawili, mke na mume wa Kiitaliano, walitaka baada ya hapo wapelekwe Mayungu, kwenye mafungu ya mchanga ambayo Waitaliano wameyabatiza Sardegna Due na ambayo huibuka maji yakipwa tu. Nahodha aliwaeleza kwa Kiitaliano cha kasi, huku akivuta nanga, kwamba maji yalikwisha kugeuka na mchanga huo ungekuwa umefunikwa kabla hatujafika. Nilimwelewa mwanzo hadi mwisho, jambo ambalo darasani halikuwa limenitokea.

Mchana nilipanda matatu hadi Watamu, kusini mwa Malindi, kujifunza kuteleza kwa tiara, yaani kusimama juu ya ubao majini huku ukivutwa na tiara kubwa. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki, ukifuata ufukwe na kuelekea kidogo nchi kavu, kwa hiyo mwanafunzi anayeshindwa husukumwa kurudi pwani badala ya kupelekwa kilindini. Somo la kwanza halina ubao. Unafundishwa kwamba tiara ikiwa juu ya utosi hutulia, ikishushwa upande huvuta, na ukiachia upau, fimbo unayoishika kuiongoza tiara, nguvu hupungua. Mwalimu, kijana wa hapo hapo, alishinda akipaza sauti, “Achia, kaka, achia!” huku mikono yangu ikizidi kung’ang’ania. Jioni ilipofika nilikuwa nimekokotwa kifudifudi majini kiasi cha kutosha. Ni mchezo ghali, lakini ningeurudia.

Jumapili alfajiri tulitoka nje ya mwamba kuwatafuta nyangumi wenye nundu, ambao husafiri kutoka bahari ya Antaktika na kuonekana pwani hii kati ya Julai na Oktoba, wakati wa kuzaa na kupandana. Huko nje kusi halina mzaha. Abiria kadhaa walitapika. Pomboo walituongoza kwa muda mfupi, wakatuchoka. Kisha upande wa mashariki ukaruka mvuke, nahodha akapunguza mashine na kukaa mbali, nasi tukaona mgongo mweusi wa mama, na ubavuni mwake mgongo mwingine mdogo wa ndama, wakipanda na kushuka pamoja.

Tuliporudi nilipitia kituo cha Local Ocean Conservation, ambacho wavuvi hukipigia simu kasa anaponaswa nyavuni. Hulipwa fidia ndogo, na kasa hupimwa, huwekwa alama na kurudishwa baharini, au hutibiwa akiwa mgonjwa. Wapo wanaofikishwa wakiwa hawawezi kuzama, kwa kuwa plastiki waliyoimeza imewajaza gesi.

Anayepanga safari hii aanze na pepo. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, hutuliza bahari, ila husukuma matope ya mto Sabaki kuelekea kusini hadi ghuba ya Malindi, wakati kusi huyapeleka kaskazini, mbali na hifadhi. Nahodha ananishauri nije Februari na nizamie Watamu. Mimi, kwa ajili ya nyangumi, nimemwomba aniwekee nafasi Agosti ijayo.