Gia ya pili ikiteleza, usikimbilie kufungua habu

Baiskeli kuukuu ya gia tatu, habu (kitovu cha gurudumu la nyuma, chenye gia ndani) ya Sturmey-Archer AW, ikizungusha pedali bure kati ya gia ya 2 na ya 3, mara nyingi kosa ni la waya wa gia, si la meno. Weka gia ya 2, chungulia tundu la nati ndefu upande wa mnyororo: bega la kijiti kinachovutwa na waya liwe sawasawa na ncha ya ekseli. Rekebisha waya, kaza nati yake.

Gia zinanata? Mafuta ya taa kwanza, halafu oili nyepesi, kijiko kimoja, kwenye kitundu cha habu. Grisi humo ndani hapana, vijino vya kushikia gia vitagandamana. Na kwa chumvi hii ya Mombasa, waya ulioshika kutu tupa, kabla hujasimama juu ya pedali ukipanda Daraja la Nyali.