Siku moja maishani mwangu: mimi na Kinyozi wa barua pepe, Lubumbashi

Saa 11:40 alfajiri

Julai ya Lubumbashi si mchezo. Watu wa Dar hucheka nikiwaambia kwamba huku Kongo navaa koti na kofia ya sufu, lakini mji wetu uko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya kipupwe inajua njia ya kupita chini ya mlango. Kabla ya kunawa uso, mkono unatafuta swichi. Umeme upo. Nachomeka simu, nachomeka kompyuta, nabandika maji ya kuoga, vyote kwa mpigo, maana hakuna ajuaye utakaa hadi saa ngapi.

Nakaa Katuba, kazi yangu iko mjini, katika kampuni ya kutoa mizigo forodhani. Malori ya shaba na kobalti yanashuka Kasumbalesa, yanavuka Zambia, mengine yanakwenda Dar es Salaam, mengine Durban. Malori yana wenyewe. Sisi letu ni makaratasi. Na siku hizi makaratasi maana yake barua pepe. Visanduku 43, na kila kimoja kikiharibika ninaitwa mimi.

Saa 1:50 asubuhi

Mikate ya moto kutoka kwa mama wa pale mlangoni, chai, kisha daftari la seva. Hapa lazima kichwa kiwe kimeamka, kwa sababu nasoma saa tatu tofauti kwa wakati mmoja: seva inaandika saa za kimataifa, sisi tuko saa mbili mbele yake, wenzetu wa Kinshasa saa moja mbele, halafu mimi mwenyewe nahesabu kwa Kiswahili. Barua ya jana iliyoandikwa 06:14 iliingia kwetu saa 2:14 ya asubuhi. Stajiere wangu, kijana anayejifunza kazi, amekosea hesabu hiyo mara nyingi hadi nimeacha kumcheka.

Nimtambulishe Kinyozi. Ni programu jalizi ndogo inayokaa ndani ya programu ya kusomea barua pepe, na kazi yake ni moja: kunyoa HTML, ile lugha ya kupambia barua. Ukifungua barua, rangi, picha, vitufe na mapambo vyote vinaanguka chini kama nywele, yanabaki maneno. Jina rasmi lilikuwa refu. Yaya wa mapokezi (huku kwetu yaya ni dada mkubwa) ndiye aliyelibadilisha, siku alipofungua tangazo la tiketi za ndege akapiga kelele, "Nani amenyoa barua yangu?"

Shida ya HTML kwenye barua pepe ni kwamba kinachoonekana na kilichopo si lazima viwe kitu kimoja. Maneno yanasema "tazama ankara yako hapa", anwani iliyofichwa chini yake inakupeleka kwa mwizi. Kuna vipicha vya pikseli moja, havionekani kwa macho, lakini programu ikienda kukileta kimoja kutoka kwenye seva ya mtumaji, mtumaji anajua umefungua barua, saa ngapi, na ukitumia anwani gani ya intaneti. Kinyozi hatumi mtu kuleta picha yoyote. Na anwani ya kiungo anaitoa nje, anaianika kando ya maneno yake, kila mtu aione.

Barua nyingi zinakuja na nakala mbili ndani ya bahasha moja: moja ya maandishi matupu, nyingine ya HTML, na programu yako inachagua ya kukuonyesha. Ungedhani Kinyozi achukue tu ile tupu, basi. Tulidhani hivyo pia. Kumbe watumaji wengine wanaiacha ile nakala tupu bila kitu, au wanaweka sentensi moja ya kukwambia programu yako imepitwa na wakati. Na hakuna kinachomlazimisha mtu nakala zake mbili ziseme jambo moja. Kwa hiyo Kinyozi anazilinganisha. Akiona tupu ni fupi mno kuliko mwenzake, anamnyoa yule wa HTML mwenyewe.

Mwanzoni nilifanya kosa ambalo bado linaniuma. Nilimweka Kinyozi kwenye seva, anyoe barua zikiingia tu, kabla hazijafika kwa mtu. Kumbe barua nyingi zina sahihi ya DKIM, muhuri wa kidijitali wa upande wa mtumaji, na sahihi hiyo hupimwa kwa mwili wa barua. Gusa mwili, sahihi haikubali tena. Watu wetu walipozisambaza barua zilizonyolewa kwa wateja, baadhi zikaangukia kwenye taka huko ziendako. Wiki nzima nikiulizwa barua iko wapi. Sasa Kinyozi ananyoa machoni tu, kwenye kioo cha msomaji. Barua halisi inabaki kwenye seva kama ilivyokuja, haijaguswa.

Saa 3:15

Mama wa uhasibu ananiita kwa simu ya ndani.

"Mwanangu, njoo uone Kichina hiki."

Si Kichina. Ni Kifaransa cha mteja wetu. Aliandika kwamba mzigo umekwisha kutolewa forodhani, "dédouanée", na kwenye kioo cha mama imetoka hivi: dÃ©douanÃ©e. Barua nzima hivyo. Kila é imekuwa wadudu wawili.

Kwa mji unaofanya kazi kwa Kifaransa mchana na Kiswahili saa zote, hili si dogo. Nimekaa nalo karibu saa nzima. Herufi é katika UTF-8, mfumo wa siku hizi wa kuhifadhi herufi, huandikwa kwa baiti mbili, C3 na A9. Ukizisoma kwa jedwali la zamani la Windows, kila baiti inakuwa herufi yake: Ã na ©. Sasa nani aliyemdanganya Kinyozi asome vibaya? Programu ya mteja haikutaja aina ya herufi kwenye vichwa vya barua. Iliitaja ndani ya HTML yenyewe, kwenye ile mistari ya juu ambayo msomaji haioni. Na Kinyozi, kwa bidii yake, alikuwa anaikata mistari hiyo kwanza, kisha ndipo anaanza kusoma. Ni kama kuchana bahasha na kuitupa kabla hujasoma anwani iliyoandikwa juu yake.

Nimebadilisha mpangilio: soma kwanza, nyoa baadaye. Mistari minne tu. Mama amefungua tena, amesoma hadi mwisho, akasema, "Aksanti. Sasa naona kwamba hawajalipa."

Saa 4:30

Barua kutoka kwa mkurugenzi kwenda kwa wote: ripoti za Ijumaa hazijafika mezani kwake. Nimejibu "Sawa shefu, yangu inakuja mchana." Nimeona wenzangu nao wanajibu hivyohivyo.

Saa 5:00

Shefu wa malori hapigi simu, anakuja mwenyewe. Amechapisha orodha ya malori 14 yaliyoko mpakani, na kwenye karatasi yake namba ya gari, namba ya trela, jina la dereva na tani vimemwagika vyote katika safu moja, kama maharagwe.

"Hii ni usalama gani? Dereva amelala Kasumbalesa siku ya tatu, mimi nahesabu tani kwa kidole!"

Ana haki. Jedwali ndilo jeraha la Kinyozi. HTML inajua hiki ni kisanduku na kile ni mstari. Ukinyoa ovyo, vyote vinateremka chini. Nilishamfundisha aweke nafasi ya tabo kati ya visanduku, lakini huyu mtumaji ameunganisha visanduku viwili kwa kila lori, na hapo hesabu ya safu inayumba. Kipo kitufe cha kurudisha barua ilivyokuja, ila nimekifunga: kinafanya kazi tu kwa barua ambayo sahihi yake ni nzima na mtumaji yumo kwenye orodha yetu. Shefu wa malori anataka kitufe kiwe huru. Mimi sitaki. Kitufe huru kinabonyezwa kila siku, na mwizi wa kwanza atakayetuandikia atasema "kama huoni vizuri, bonyeza kitufe". Tumekubaliana kwamba wakala wa mpakani ataingizwa kwenye orodha leo. Ametoka bila kuaga.

Saa 7:10 mchana

Bukari, sombe na kapenta. Stajiere anauliza swali ambalo na mimi niliuliza nikiwa na umri wake: kusoma tu kunaweza kudhuru? Si lazima ufungue kiambatisho?

Nimempa mifano miwili. Mwaka 1999 kulikuwa na kirusi kilichoitwa BubbleBoy. Hakikuja na kiambatisho chochote. Msimbo ulikuwa ndani ya HTML ya barua, na kwa wenye Outlook Express ilitosha barua ionekane kwenye kidirisha cha kuchungulia. Tundu hilo lilizibwa zamani. Lakini mwaka 2018 watafiti wa Ujerumani na Ubelgiji walitangaza EFAIL, na hiyo ilitisha kwa namna nyingine: mtu aliyeiba barua yako iliyofungwa kwa siri angeweza kuizungushia tagi ya picha ya HTML na kukutumia tena. Programu yako inaifungua siri kwa ufunguo wako, inadhani yale maneno ni sehemu ya anwani ya picha, inakwenda kuomba picha hiyo kwenye seva ya mwizi. Imempelekea siri yenyewe, kwa mikono yake.

Stajiere ameacha kutafuna. Kisha akauliza kwa nini tusitumie tu mpangilio wa maandishi matupu ambao Outlook na Thunderbird zinao tayari. Swali zuri. Ni kwa sababu kila mtu anaweza kuuzima kwake, na nawajua watu wangu.

Saa 8:05

Umeme umekatika. Jenereta. Dakika saba za watu kusimama kwenye korido wakisema mambo ya mpira.

Saa 8:40

Stajiere anainua mkono. Barua imekuja kwa idara tatu, inasema inatoka kwa wakala wetu wa Dar. Kwenye kioo chake inasomeka hivi:

"Habari ndugu ankara yako viazi vitatu iko tayari chumvi kiasi tafadhali angalia koroga taratibu hapa."

Hatukucheka mara moja, ilichukua sekunde. Kwenye HTML, yale mapishi yameandikwa kwa rangi nyeupe juu ya karatasi nyeupe. Msomaji wa kawaida haoni. Yamewekwa ili kuvuruga vichujio vya taka. Kinyozi hajui nyeupe, kwake neno ni neno. Na baada ya "hapa" ameanika anwani ndefu isiyohusiana na Dar wala na mizigo. Barua imefutwa, idara zimeonywa, na kuanzia leo salamu ya ofisi ni "chumvi kiasi".

Saa 9:25 alasiri

Nilikuwa nimeanza kujisifu ilipoingia nyingine. Hii haikuwa na HTML hata tone. Maandishi matupu, Kiswahili safi, ndani ya mazungumzo yetu yaleyale ya wiki iliyopita na Dar: benki wamebadilisha akaunti, malipo ya kesho yaelekezwe kwenye namba hii mpya. Kinyozi aliitazama, hakuona cha kunyoa, akaipitisha.

Aliyeikamata ni mama wa uhasibu. Jina halisi la wakala kwenye anwani lina m katikati. Kinyozi huonyesha kila kitu kwa herufi za upana sawa, zile mbaya mbaya kama za taipureta, na mama amelalamika juu yake tangu siku ya kwanza. Katika fonti nzuri, r ikisongamana na n utaapa ni m. Kwenye zile herufi mbaya, r ina chumba chake na n ina chumba chake.

"Mbona hawa wana herufi moja zaidi?" akaniuliza, kidole kiko kwenye kioo.

Hakujibu barua. Amefungua faili la karatasi, ametoa mkataba, amepiga simu namba iliyo kwenye mkataba. Nimesimama karibu nikisikia: "Shikamoo baba, ni Lubumbashi... Hapana, hatujalipa... Eh! Mmebadilisha lini?... Hamjabadilisha." Akaniangalia, akaweka kalamu chini.

Herufi nitaziacha. Hakuna aliyeomba tena fonti nyingine.

Saa 12:30 jioni

Katibu wa mkurugenzi ananisubiri kwenye ngazi.

"Nyinyi watu mna moyo. Shefu mzima amewaka, na nyinyi mnamjibu 'sawa shefu' kama mmeulizwa hali ya hewa."

"Amewaka lini?"

"Ile barua ya ripoti! Aliiandika kwa wino mwekundu, herufi nene, na mstari chini."

Nimeifungua tena kwenye kompyuta yangu. Maneno ya kawaida, meusi, yametulia. Herufi nene naweza kumfundisha Kinyozi azizungushie nyota mbili, hiyo kesho asubuhi itakuwa tayari. Wekundu bado sijajua niuandike vipi.