Loka ya ndani

Juzi tulienda mimi na mdogo wangu kwa shule moja nje kidogo ya Kisumu kupeleka kwotesheni, bei yetu kwa maandishi, ya loka 60, yale madawati ya mwanafunzi yenye mfuniko, na viti vyake, na tukiwa tumekaa nje ya ofisi ya bursa, mwenye kushika pesa za shule, tukingoja kuitwa, yeye akainuka akaenda kwa loka moja mpya iliyokua kwa korido, akaipindua, akapitisha kidole pale mguu unaingia kwa fremu, kisha akaniambia polepole, "Dada, hii ni ya ndani." Nikamuuliza ndani wapi. Akaniangalia tu, nikaelewa.

Ndani ni jela. Mdogo wangu alihukumiwa miaka minne na nusu kwa kuvunja duka la mama mmoja hapa sokoni, na sitaficha, alifanya, alikubali mbele ya hakimu na akatumikia. Kwa vile sheria yetu inapunguza theluthi ya kifungo ukiwa na mwenendo mzuri, alitoka baada ya mitatu. Karibu muda huo wote alikua kwa karakana ya mbao. Na nashukuru, kusema kweli nashukuru sana, juu askari aliyekua anawafundisha alikua fundi wa ukweli, alimfundisha kutoboa tundu na kuchonga ulimi wa kuingia humo kwa mkono kabla hajaruhusiwa kugusa mashine, na mtihani wa ufundi wa NITA, ile mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwanda, aliufanya akiwa bado amevaa zile nguo za mistari akapata cheti cha gredi ya 3. Hiyo cheti iko kwa ukuta wa sebule ya mama mpaka leo.

Lakini hiyo tenda ya loka hatukupata. Bursa ni mtu mzuri, alitukaribisha hadi chai, akatuambia tu wazi kwamba bei ya magereza iko chini na yeye ana pesa ya wazazi na ya serikali ya kulinda. Simlaumu. Nikirudi na matatu nilikua napiga hesabu kichwani mpaka tukafika steji sijui.

Hebu niwaeleze hiyo hesabu manake mimi ndio nashika daftari hapa kwa banda letu la useremala, soko la Kibuye. Loka moja ina mbao ya saipras, ina glu, misumari, msasa, vanishi, ina bawaba na kitasa, ina nauli ya kuitoa kwa muuza mbao na kuipeleka shule, ina stima. Vitu hivyo jela pia inanunua ama inatoa mahali. Ikifika kwa mkono wa fundi ndio tunaachana. Mimi lazima nimlipe fundi, ana watoto, ana kodi ya nyumba. Kule ndani viwango vya malipo ya mfungwa kwa miaka mingi vilikua vya senti, naandika tena senti, ishirini kwa siku kwa mwenye ujuzi. Chukua hiyo senti 20 uzidishe na siku zote za miaka mitatu, weka hadi Jumapili na Krismasi, unapata shilingi 219. Haiwezi kununua msumeno. Randa usiongee.

Kwa hivyo mdogo wangu alitoka getini akiwa na ufundi kamili mikononi na hana chombo hata kimoja cha kuufanyia kazi. Mwaka wa kwanza alikua anaazima randa ya mzee jirani jioni mzee akishafunga, anafanya kazi usiku na tochi ya simu. Wenzake wawili waliotoka naye walichoka wakaacha, mmoja anasukuma mkokoteni, mwingine alirudi ndani. Mimi nikimfikiria huyo aliyerudi roho inaniuma kwa sababu alikua fundi bora kuliko mdogo wangu, yeye mwenyewe anasema.

Wengi wetu hatujui vile serikali inanunua kutoka jela. Namba za gari unazoziona barabarani zinatengenezwa jela ya Kamiti. Viti na meza za ofisi, vitanda, yunifomu, sabuni, hivyo vyote magereza inatengeneza, ukienda shoo ya kilimo pale Mamboleo utaona stendi yao, kazi safi, watu wanapanga foleni kuulizia makochi. Na mwaka wa 2018 serikali ilianzisha shirika kabisa la kusimamia hii biashara ya magereza. Sipingi. Mtu akikaa selo mwaka baada ya mwaka bila kazi anaoza akili, mdogo wangu ananiambia karakana ndio ilimfanya asiwe mwendawazimu, siku za mapumziko ndizo zilikua ndefu.

Hii kitu haiko kwetu peke yetu. Marekani walianza 1934, wakati wa rais Roosevelt, wakaunda shirika la viwanda vya magereza ya serikali kuu, saa hii linaitwa UNICOR, na sheria ikasema ofisi za serikali kuu zikitaka vitu ambavyo shirika linatengeneza ziangalie huko kwanza. Wenye viwanda vya fanicha huko wamelalamika miaka na miaka, maneno yale yale tunayolalamika hapa Kibuye, kwamba huwezi kushindana na mtu asiyelipa mshahara. Mfungwa huko analipwa kati ya senti 23 za dola na dola 1.15 kwa saa. Ni kidogo, kwa nchi kama ile ni aibu, na katiba yao ilipokomesha utumwa 1865 iliacha mlango wazi kwa aliyehukumiwa, ndio maana wengi wao wanaita hii kazi kwa jina la utumwa mpaka leo. Lakini kuna kitu kimoja hapo nilikisoma mara mbili. Mfungwa wa UNICOR ambaye korti ilimuamuru alipe faini ama fidia, nusu ya ile pesa anayopata inaenda kulipa hilo deni.

Nilimfikiria yule mama wa duka. Yeye hakuna mtu alimrudishia kitu. Mdogo wangu alichonga loka na vitanda miaka mitatu, serikali ikauziana yenyewe kwa yenyewe, ofisi moja ikaokoa pesa na nyingine ikapata, na yeye aliyevunjiwa duka akabaki na mlango uliopigwa bati. Sisi kama familia ndio tunamlipa pole pole, 500 kwa mwezi, nampelekea mwenyewe na anapokea na mikono miwili, siku zingine ananirudishia nyanya kidogo nipelekee mama. Kama kwa kila loka kungekua na 300 tu ya mkono uliochonga, hata wakate nusu wampelekee huyu mama wa duka, deni lingeisha kitambo na mtu angetoka na randa yake kwa begi.

Najua mtu atasema mfungwa analishwa na kulala bure kwa hivyo asilipwe. Nimeskia hiyo hadi kanisani. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 30, inasema mtu asilazimishwe kufanya kazi kwa nguvu, na haikuweka neno "isipokuwa mfungwa" hapo mwisho. Na hiyo loka serikali haichukui bure, shule inalipa. Pesa iko. Ni vile haifiki kwa aliyetoa jasho.

Na jua kali, sisi mafundi wa mabanda, nayo isikanyagwe. Si mnakumbuka madawati ya wakati wa marehemu Profesa Magoha akiwa waziri wa elimu, ile 2020 kuingia 2021, serikali ikaweka karibu bilioni 1.9 na ikasema yatengenezwe na mafundi wa karibu na shule? Banda letu lilipata madawati 40 na hiyo miezi hapa Kibuye kulikua na kelele ya misumeno mpaka saa mbili usiku, watu walilipa karo. Sheria ya ununuzi tayari inatenga asilimia 30 ya tenda kwa vijana, akina mama na walemavu. Mfungwa akilipwa kitu cha maana bei ya magereza itapanda kidogo ifike karibu na yetu, na hapo mimi niko tayari kushindana, nishindwe na kazi nzuri nikubali.

Wiki iliyopita yule bursa alinipigia. Zile loka za ndani nane zimelegea miguu, vijana wa kidato cha pili wanazikalia, akauliza kama tuna mtu wa kukarabati. Mdogo wangu alienda na glu, na klempu mbili za kuazima, akafungua kila mguu akausafisha akauweka tena vile alifundishwa. Walimlipa shilingi 200 kwa kila loka, kwa Mpesa, jioni hiyo hiyo. Alinionyesha ile meseji ya 1,600 bila kusema kitu, kisha akaniuliza kama namba ya mama wa duka bado ni ile ile.