Kilo 84: Nilivyokaa Nazo Bila Kurudi Nyuma

Kutoka kilo 96 mpaka 84 nilishuka kwa raha. Ule ugumu ambao watu husimulia sikuuona kabisa. Nilipunguza sahani, nikaacha soda, nikaanza kwenda kazini kwa miguu badala ya bodaboda, na mizani ikawa inashuka karibu kila wiki. Halafu mvua za vuli zikaanza, mizani ikafika 84 na kugoma. Oktoba 84. Novemba 84, mara 84 na nusu, mara 84 tena. Unakula kama ulivyokuwa unakula ulipokuwa unapungua, unatembea kama ulivyokuwa unatembea, na hakuna kinachosogea. Januari watoto wakarudi shule, mimi bado niko palepale.

Mimi ni fundi cherehani hapa Moshi. Naishi Pasua, na cherehani yangu iko barazani karibu na Soko la Mbuyuni. Nilianza kupunguza uzito kwa sababu ya presha. Nilipimwa kliniki ikasoma 152 kwa 96, na daktari akasema kabla ya kufikia vidonge tushughulike kwanza na uzito na chumvi. Kwa hiyo sikuanza kwa ajili ya urembo, ingawa urembo nao siukatai.

Mizani ilipogoma nikamwendea mtaalamu wa lishe wa kliniki ileile. Nilitegemea anipe karatasi ya vyakula. Badala yake akaniuliza kama nimewahi kubeba ndoo ya lita 12 kutoka bombani mpaka nyumbani. Nikamwambia nani hajabeba. Akasema, "Basi mwili wako ulikuwa unaibeba ndoo hiyo mchana kutwa na usiku kucha, jikoni, sokoni, kitandani. Sasa umeitua. Unategemea uendelee kula chakula cha mtu mwenye ndoo?" Hapo nikaelewa bila hesabu nyingi. Sahani iliyokuwa inanipunguza nikiwa na kilo 96 sasa ilikuwa inanitosha tu, hainipunguzi wala hainiongezi.

Alinieleza pia kwamba zile kilo za mwanzo, zile zilizonipa kiburi, hazikuwa mafuta matupu. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa na takribani gramu 3 za maji. Ukipunguza chakula, akiba inatumika na maji yake yanatoka, mizani inashuka kwa kasi, nawe unadhani ndiyo mwendo utakaokuwa nao siku zote. Ikiisha hiyo, kinachobaki ni mafuta yenyewe, nayo hayana haraka: kilo moja ya mafuta ya mwilini ina kalori zinazokaribia 7,700. Zaidi ya hapo, mwili ukiona unapungua huanza kubana matumizi. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani walichapisha vipimo vya watu 14 waliopunguza uzito mwingi kwenye shindano la runinga, wakaonyesha kwamba hata baada ya miaka sita miili yao ilikuwa bado inatumia nishati kidogo kuliko ilivyotarajiwa kwa uzito wao. Mwingine angeisikia habari hiyo akakata tamaa. Mimi ilinituliza. Nilikuwa nimeanza kujiita mvivu, kumbe mwili ulikuwa unafanya kazi yake.

Halafu kuna msimu. Fundi yeyote atakwambia: Novemba mpaka Januari hakuna kuinuka. Kwanza magauni ya Krismasi, kisha harusi, kisha sare za shule ambazo kila mzazi anazitaka Ijumaa. Nakaa kwenye kiti kuanzia asubuhi mpaka taa za barabarani ziwake. Cherehani yangu ina mota. Ingekuwa ya kukanyaga labda ningeandika habari nyingine. Matembezi ya asubuhi yalikuwa yaleyale, ila saa zote zilizobaki nilikuwa sisogei, nami nilikuwa sizihesabu.

Lakini yote hayo ni ya mwili. Kilichonisumbua zaidi ni midomo.

Wakati uzito unashuka, watu wanashangaa na unapata nguvu. Ukikaa sehemu moja, ule mshangao unaisha na yanaanza maswali. Mteja wangu mmoja wa siku nyingi alikuja kushona kitenge, akanitazama kuanzia juu mpaka chini, akainama kama anayetaka kuniambia siri: "Fundi, uko sawa kweli? Umepima?" Kwetu mtu mnene ametunzwa, mtu aliyepungua ana shida, ama ni ugonjwa, ama ni madeni, ama ni ndoa. Mwingine akamwuliza mume wangu kwa mzaha kama siku hizi hanipi hela ya matumizi. Yeye akacheka, ila usiku akaniambia, "Mama, hapo panatosha, usije ukaisha." Na maneno hayo yanakukuta wakati mbaya, kwa sababu wewe mwenyewe unatafuta sababu ya kuacha. Mizani imegoma, watu wanasema umeshakonda, mume anasema panatosha. Nani akatae mashauri mengi namna hiyo?

Nilichofanya ni kurudi kwenye kilichonianzisha. Nikaenda kupima presha, ikasoma 134 kwa 86. Mtaalamu akaniambia kwamba mtu akipunguza hata asilimia 5 hadi 10 ya uzito wake, presha na sukari kwa kawaida hunufaika, na mimi kwa kilo 12 nilikuwa nimeshapita hapo. Nikatoka kliniki na kazi mpya kabisa. Sikujiambia tena nipungue. Nilijiambia mpaka sikukuu na sare ziishe, nisirudi 85. Lengo hilo linaonekana dogo ukilitamka, lakini lilinipa cha kushinda kila wiki. Nikipanda kwenye mizani nikakuta 84, nimefanikiwa. Namba ileile iliyokuwa inaniudhi ikawa ndiyo ninayoitaka.

Mizani yenyewe niliihamisha kutoka chini ya kitanda nikampa mdogo wangu, anakaa mtaa wa pili. Napima Jumamosi asubuhi kabla ya chai, basi. Kupima kila siku kulikuwa kunanichezea akili. Siku za kukaribia hedhi mwili wangu unashika maji, naweza kuonekana nimeongezeka kilo moja na zaidi bila kula chochote cha ajabu, na pilau ya harusini yenye chumvi inafanya vilevile kesho yake.

Futi, utepe wangu wa kupimia nguo, ndiyo iliyonishangaza. Fundi anapima viuno vya watu mchana kutwa na chake hakijui. Nikafungua ukurasa wangu kwenye daftari la wateja, bila jina, nikaandika kifua, kiuno, hipsi. Nilipoanza ukurasa huo kiuno kilikuwa inchi 39. Kufikia Krismasi kilikuwa 37 na nusu, na mizani bado inasema 84. Nilikuwa nimeongeza mayai, dagaa na maharage kwenye chakula, na jioni nikifunga kazi nainuka na kukaa kwenye kiti mara nyingi mfululizo bila kushika meza, halafu nabeba marobota ya vitambaa kupeleka stoo mwenyewe badala ya kumwita kijana. Nadhani misuli iliongezeka kidogo huku mafuta yakipungua, na mizani haijui tofauti ya hivyo viwili. Kwa afya ya mwanamke kiuno kina habari yake: hatari ya presha na kisukari huongezeka kikipita sentimita 80, na zaidi kikipita 88, ambazo ni kama inchi 34 na nusu. Kwa hiyo safari bado ilikuwepo, ila nilikuwa naiona inakwenda.

Tena nisiipambe futi kupita kiasi. Nayo kuna wiki ilisimama. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema tupa mizani ushike futi. Hapo umebadilisha tu kitu kitakachokuvunja moyo.

Aliyenibeba wiki hizo ni jirani yangu, muuza ndizi wa Mbuyuni. Huyu hana habari na kupungua. Yeye anatembea kutoka Pasua mpaka sokoni kwa sababu hataki kutoa hela ya bodaboda, na lazima awahi ndizi za Kibosho na Uru zinaposhushwa. Alfajiri anagonga geti langu mara moja tu, hasubiri, hapigi simu. Nikichelewa namkimbilia. Mwanzoni nilitamani rafiki wa dayati, mtu wa kuulizana tumepungua ngapi. Sasa naona ningekuwa na huyo, tungeacha pamoja wiki ileile mizani zetu zilipogoma. Huyu hata mizani ikipasuka, kesho geti litagongwa. Njiani tunazungumza bei ya mkungu, mabinti zetu, na nani amefiwa. Habari ya kilo sidhani kama tumewahi kuigusa.

Jikoni nilibadilisha kitu kimoja, nacho ni mafuta. Mtaalamu aliniambia kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina kalori kama 120, iwe alizeti au mawese au lolote, na kwamba nusu saa ya kutembea haraka kwa mtu wa uzito wangu haifikii kalori 200. Nikaenda nyumbani, nikamimina kwenye sufuria kama kawaida yangu, kisha nikayarudisha kwa kijiko kwenye kikombe kuyahesabu. Mchicha wa watu watano ulikuwa na vijiko saba. Sasa napima vitatu, naongeza nyanya na kitunguu, na wanangu hawajagundua. Chai ya barazani nikaibakiza kikombe kimoja chenye sukari, vingine bila sukari. Parachichi silaumu, ni chakula kizuri, ila yale makubwa ya huku kwetu nakula nusu. Nikimshauri mtu aliyekwama, naanzia kwenye mafuta. Kumwongezea mtu aliyechoka mazoezi ni kumfukuza.

Krismasi tukapanda Kibosho kwa wakwe kuhesabiwa, kama desturi. Huko hakuna kupima vijiko. Asubuhi mtori wa ndizi, mchana mbuzi, kisusio chake cha damu kinapita, jioni machalari ya ndizi na nyama, na pombe ya mbege kwenye kata inazunguka. Ukikataa umewakataa wazee. Nilikuwa nimeamua mapema kwamba siendi kubishana na mtu. Mama mkwe akanitazama, akasema, "Mwanangu, mjini hamli?" Nikamwambia, "Tunakula mama, ila cha hapa ndicho kitamu," nikapokea sahani kwa mikono miwili. Nilikula polepole nikaomba maji, nikawa mtu wa kutumwa: nani aende kisimani, mimi, nani apeleke chakula nyumba ya shemeji kule juu, mimi. Kibosho ni mlima, ukitumwa mara kadhaa umeshafanya mazoezi. Kata nayo niliipokea, nikaonja, nikaipitisha kwa jirani. Aliyeonja hajakataa.

Niliporudi mdogo wangu akaniwekea mizani mlangoni kwa uchokozi. Ilisoma 85 na kitu. Jumamosi iliyofuata, maji na chumvi za sikukuu zilipotoka, 84. Nilifurahi kuliko nilivyofurahi siku nilipotoka kwenye tisini.

Sare zilipoisha, mwishoni mwa Januari, nikawa na saa zangu tena. Mji wa Moshi wakati huo unajaa watu wanaojiandaa na Kilimanjaro Marathon, alfajiri barabara zina wakimbiaji wa kila umri, na mtu anaona aibu kupanda bodaboda. Nikaongeza kurudi nyumbani kwa miguu pia, na hapo kikabadilika kitu: 83 na nusu, 83, ikakaa, 82. Ilishuka taratibu sana, hakuna mteja aliyegundua, na hilo lilinipa amani. Mume wangu naye alinyamaza baada ya kumpeleka kliniki akapimwa presha yake mwenyewe. Siku hizi ndiye anayeniuliza kama mchicha umepimwa mafuta.

Sasa niko 79, na imegoma tena tangu mwezi uliopita. Kiuno ni inchi 36, presha iko 128 kwa 82. Nimeshajiandikia kazi ya msimu huu: nisirudi 80 mpaka harusi za Juni zipite, kwa sababu oda ninazo za kunikalisha kwenye kiti mpaka usiku. Jirani yangu anasema binti yake amepata kazi upande wa hospitali ya KCMC, na Jumapili anataka tuwe tunapanda huko kumsalimia. Kwa miguu, maana nauli hatoi.