Siku moja na lori la mbao, Mafinga hadi Morogoro

Saa 11 alfajiri. Baridi ya Mafinga inakata masikio. Utingo anakaza kamba za turubai, mimi nakagua matairi, tunatoka.

Ukungu wa Mufindi nimeuzoea miaka 14 na bado nauheshimu. Kukiwa giza navaa miwani ya hospitali, lenzi nyeupe yenye kinga ya mng'ao, na taa naweka dim. Ukiwasha full ndani ya ukungu, mwanga wote unakurudia usoni. Kulipopambazuka, karibu na Ifunda, nikavaa ya njano. Haiondoi ukungu, mtu asikudanganye, ila inachuja ubluu wa mwanga, na mgongo wa lori la mbele unajitenga kidogo na weupe ule. Watu wakiniona nayo wanasema mbwembwe. Kwangu ni kifaa cha kazi kama jeki.

Saa 4, Ilula, chai na chapati.

Kisha Kitonga. Mvua ilitukuta juu kabla hatujaanza kushuka. Kioo kikajaa mvuke, miwani nayo ikajaa mvuke, waipa zikazidiwa. Nikaegesha. Tajiri akapiga.

"Uko wapi?"

"Kitonga, mzee. Sioni kona."

"Mbona wenzako wameshafika Ruaha Mbuyuni?"

Akakata. Dakika kumi, akapiga tena, swali lilelile. Na tena. Utingo akasema, "Suka, twende tu, mimi nitachungulia dirishani." Nikamwambia, mdogo wangu, mbao zilizoko nyuma yetu hazitakusubiri uchungulie. Nikapaka lenzi tone la sabuni ya maji, nikafuta kwa kitambaa laini mpaka mvuke ukaacha kushika. Simu ya nne nikamwachia utingo aipokee. Saa nzima na nusu tulikaa pale, ndipo tukashuka kwa gia nzito, shingo imenikakamaa.

Halafu foleni ya mizani, na giza. Hifadhi ya Mikumi tuliingia kwa manyunyu, lami inameta, wanaokuja wamewasha full. Utingo akaninyooshea ya njano. Nikakataa. Wachuuzi stendi wanaiuza kama miwani ya usiku, wakati lenzi yoyote ya rangi inapunguza mwanga unaofika jichoni, na pale tembo na nyati wanavuka. Nikabaki na nyeupe, spidi 50.

Morogoro nilivua miwani, pua inauma. Tajiri akapiga.

"Mbao zimelowa?"

Hazikulowa.